Nyuzi za Pembeni

Vidole vya Pleuntje Labrie vilikataa kuzeeka pamoja na mwili wake. Alipotimiza miaka sitini na minane magoti yalikuwa yamekwisha kumgomea, na miwani alikuwa nayo ya aina mbili, ya kusomea na ya kuitafutia ile ya kusomea. Lakini vidole vilibaki vilevile alivyoingia navyo kiwandani mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nyuma ya mama yake, katika ubaridi wa asubuhi ambao mpaka leo akiufikiria huusikia kwenye meno.

Mama yake alikuwa mzibaji, naye akamfanya mzibaji. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mitambo kililetwa juu ya meza zilizoinamishwa kuelekea madirisha ya kaskazini, na wanawake wakakipitisha chini ya viganja vyao pima baada ya pima, wakitafuta fundo, uzi uliokatika, mahali ambapo mtambo ulijisahau. Walipoipata kasoro waliifuta kwa sindano.

"Usitumie macho," mama yake alimwambia siku ile ya kwanza. "Macho yanapenda kuona nguo imekamilika. Vidole havina adabu hiyo."

Miaka hamsini na mitatu alikaa pale. Kazi yenyewe ilikuwa na uchungu wake, ambao wazibaji hawakuuzungumza ila kwa mzaha: ikifanywa vibaya kila mtu anaiona, ikifanywa vizuri haipo. Mfumaji huonyesha nguo yake. Mtia rangi hutembea na mikono ya buluu, watu wakamjua mpaka sokoni. Mzibaji akimaliza, hana cha kuonyesha. Wasimamizi wa kazi walipita, wakapapasa, hawakukuta kitu, wakaenda zao, na huko kutokuta kitu ndiko kulikuwa sifa.

Alipofiwa na mumewe, Krijn, aliyekuwa akiendesha mashua ya mkaa kwenye mifereji ya Leiden, Pleuntje alipewa nyumba katika Ua wa Coorn. Nyumba kumi na mbili, chumba kimoja chini na dari juu, zimekaa mraba kuizunguka bustani yenye bomba la maji katikati. Mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Coorn aliziweka wakfu mwaka 1661 kwa ajili ya wajane wenye mwenendo mzuri. Pleuntje alikuwa namba tano. Langoni palikuwa na ubao mweusi wenye maandishi ya dhahabu, na kila mjane aliusoma kwa sauti siku ya kuingia: mkaazi hataondolewa mpaka afe, isipokuwa kwa moja ya mambo manne, yaani wizi, uzinzi, moto usioangaliwa, na kuwavunjia heshima wasimamizi wa wakfu. Tena sababu ya kuondolewa kwake iandikwe katika kitabu cha wakfu, naye atie jina lake chini yake, ili watakaokuja baadaye wajue.

"Wizi hapana, moto hapana," Hillegonda wa namba sita alipenda kusema. "Mimi natafuta huo wa pili, lakini wanaume wenyewe wamekwisha."

Huyo Hillegonda Planjer ndiye jirani na shoga yake Pleuntje. Mnene, mcheshi, alikuwa muuza samaki sokoni, na sauti yake bado ilikuwa ya sokoni. Dari lake lilikuwa likivuja tangu majira mawili ya baridi yaliyopita, naye alilala na sufuria mbili kitandani, moja kila upande, kama mke wa wanaume wawili wasiosema.

Mwaka huo, 1970, ulikuwa mwaka wa Mahujaji. Ndivyo mji mzima ulivyowaita wale Waingereza wa zamani waliomkimbia mfalme wao kwa sababu ya dini, wakaishi Leiden miaka kumi na kitu wakifuma na kusokota sufu kwa ujira mdogo, kisha wakaondoka wakavuka bahari kwenda Marekani. Sasa ilitimia miaka mia tatu na hamsini tangu safari hiyo, na Wamarekani walikuja kwa mabasi, wakiwa na makoti ya mvua ya plastiki, kutafuta mahali babu wa babu zao walipolala. Maduka yaliweka merikebu za chokoleti madirishani.

Pleuntje hakuwa na ugomvi na Mahujaji. Lakini watu wake mwenyewe, akina Labrie, walikuja Leiden miaka ileile, wakimbizi vilevile, kutoka kusini, kwa dini ileile ya kukaidi. Wakafuma sufu ileile. Tofauti ni kwamba akina Labrie hawakuondoka. Walibaki wakazikwa mmoja juu ya mwingine, wakiwa na vifua vilivyojaa vumbi la sufu.

"Kazi iliwashinda," alimwambia Hillegonda. "Miaka kumi na mbili tu, wakaenda kutafuta nafuu. Anayeondoka anajengewa sanamu. Anayebaki anaulizwa njia ya kwenda kwenye sanamu."

Bwana Terwindt, mkubwa wa wasimamizi wa wakfu, alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, aliyestaafu kazi ya kuandika mikataba. Aliwapenda Mahujaji mapenzi ya kweli, jinsi wanaume wengine wa umri wake walivyopenda njiwa. Namba nne ilipobaki tupu baada ya mwenyewe kufariki, hakumpa mjane mwingine. Aliipaka chokaa, akaweka meza ya zamani na kiti cha zamani, akaibandika jina: Chumba cha Mahujaji. Na katikati ya chumba, juu ya mti wa kutundikia, akaweka joho.

Lilikuwa joho jeusi la sufu nzito, refu, lililofifia kuwa rangi ya majani makavu mabegani. Alilinunua kwa muuza vitu vya kale wa Haarlem, likiwa na karatasi iliyosema kwamba lilifumwa Leiden na mmoja wa Mahujaji mwaka 1615, naye akalivaa mpaka alipoondoka. Septemba kingekuja chama cha wazao wao kutoka Massachusetts. Wakilipenda joho, wakiupenda ua, wangetoa fedha za kuezeka upya mapaa yote kumi na mawili. Barua yao ilikwisha kufika.

Zamu ya kufagia namba nne ilimwangukia Pleuntje siku ya Jumanne, mwezi wa Mei. Alifagia sakafu, akafuta meza, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu na kwa kuwa hakuweza kuipita sufu bila kuisalimu, akaupitisha mkono juu ya lile joho.

Bega la kushoto, karibu na shingo, vidole vilisimama.

Havikukuta fundo. Havikukuta mshono. Vilikuta mahali ambapo sufu ilikuwa imetulia mno, kama mtu anayejifanya amelala. Alifumba macho. Akazunguka mahali pale kwa kidole cha kati, akakuta ukubwa wake, kiganja kizima, akakuta na ule mwisho wa uzi uliorudishwa mara tatu na kufichwa upande wa kushoto, badala ya kulia walikoficha wazibaji wengine wote, maana mama yake alikuwa na shoto na ndivyo alivyomfundisha.

Akakaa kwenye kiti cha Mahujaji, ambacho hapakuruhusiwa kukaa.

Mwaka 1924 mji uliadhimisha miaka mia tatu na hamsini ya tarehe tatu Oktoba, siku ambayo Wahispania walioizingira Leiden walikimbia maji ya bahari waliyofunguliwa, na watu wenye njaa wakaletewa samaki wa heringi na mkate mweupe. Kila Oktoba hufanyika maandamano, na watu wa mji huvaa kama mababu zao. Mwaka ule waliyataka makubwa kuliko yote, wakaagiza kiwandani sufu ifumwe kwa namna ya kale, mchana na usiku, kwa ajili ya majoho ya waandamanaji. Zikiwa zimebaki siku tano, chuma cha kunyooshea kikasahauliwa juu ya kitambaa kimoja. Tundu kubwa kama kiganja. Msimamizi alisema kitupwe. Pleuntje, mwenye miaka ishirini na miwili na kiburi cha kuwatosha watatu, akasema nipeni.

Uzi wa rangi ile haukubaki hata unyuzi. Mzibaji anayejua kazi huwa hatafuti uzi kwingine. Huuchomoa kwenye ukingo wa kitambaa kilekile, pembeni, ambapo fundi cherehani atapaficha ndani. Alichomoa nyuzi kumi na moja. Siku nne alikaa dirisha la kaskazini, akizipitisha moja baada ya moja, za kushuka na za kukata upande kwa upande, mpaka machozi yakamtoka kwa kukodoa. Siku ya nne msimamizi alikuja akapapasa kitambaa kizima, akapapasa tena, akasema, "Kumbe umeleta kingine?" Hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliloambiwa maishani kuhusu kazi yake. Jioni ile mama yake alimpikia yai zima peke yake.

Sasa Pleuntje alinyanyuka, akafunua joho kwa ndani. Fundi cherehani hakuukata ukingo. Nyuma ya mshipi mwembamba wa mwisho, kutoka juu mpaka chini, palikuwa na pengo jembamba kama mwanya wa meno. Alihesabu mahali pa nyuzi zilizokosekana. Kumi na moja.

Mji ambao kila mwaka huvaa mababu zake ulikuwa umeshindwa kutofautisha nguo na mwenyewe.

Alimwambia Bwana Terwindt siku ileile, langoni, bila kuzunguka.

"Bwana, lile joho ni la maandamano. La mwaka ishirini na nne. Mimi nililiziba."

Terwindt alitabasamu. "Bi Labrie, lina karatasi."

"Karatasi haijawahi kukaa meza ya tatu kiwandani. Njoo nikuonyeshe."

Walikwenda. Alimwekea kidole chake juu ya bega la joho kama mtu anayemfundisha mtoto herufi. Terwindt alipapasa kwa muda mrefu.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake."

"Bi Labrie." Aliuondoa mkono taratibu. Safari hii hakutabasamu, na Pleuntje aliona kwamba ndani ya macho yale ya kupauka shaka ilikwisha kuingia na kukaa. "Tuseme unasema kweli. Sisemi ndivyo. Wale watu wanakuja kutoka mbali kushika kitu. Kitu chochote. Na hapa wajane kumi na mmoja wanalala chini ya mvua. Nani ataumia tukinyamaza?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa lipi?"

Angesemaje? Kwamba alikuwa amefanya kitu kimoja kikubwa maishani, kisichoonekana, na sasa kimewekwa katikati ya chumba watu wakitazame, kwa jina la mtu aliyeondoka?

"Nafasi uliyonayo hapa ni neema ya wakfu," Terwindt alisema kwa upole, akivaa kofia yake. "Ubao unaujua. Jambo la nne. Nisingependa tufike huko, kwa kweli nisingependa."

Habari haikulala. Kesho yake Hillegonda alimkuta bombani, ndoo mkononi.

"Ati joho ni lako?"

"Bega la kushoto ni langu."

"Bega! Shoga, mimi nina sufuria mbili kitandani, wewe unaniambia bega?"

"Nisikilize, Hille."

"Sisikilizi. Wamarekani wakitaka kuabudu suruali ya marehemu mume wangu, nitawafulia wakaikute safi. Waje, walie, walipe, waende. Paa lizibwe. Wewe si mzibaji? Ziba basi mdomo!"

Wajane wengine walicheka. Pleuntje naye alicheka, maana lilikuwa limekaa vizuri, lakini alipofika ndani alikuta ameisahau ndoo bombani, na hakurudi kuichukua mpaka walipokwisha kutawanyika. Kiangazi chote akabeba mambo mawili: akisema, atatoka humu, na hana mtoto wala ndugu wa kumpa hata kona; asiposema, atakaa humu, namba tano, ukuta kwa ukuta na uongo wa namba nne, mpaka atakapotolewa miguu mbele.

Wageni walikuja Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kumi na tisa, wengi wazee. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu, Bi Thurlow, mwenye uso wa mifupa na viatu vya mwanamume. Terwindt alikuwa amemletea kila mjane kofia nyeupe na ukosi mweupe, wavae kama zamani, wagawe kahawa. Hillegonda alivaa, akaonekana kama keki ya harusi. Pleuntje alitoka na aproni yake ya kijivu ya kiwandani, yenye mfuko wa sindano na mkasi mdogo.

"Na kofia?" Terwindt aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imelala."

"Bi Labrie, nakuomba."

"Mwaka ishirini na nne mliwavika watu wakawa mababu. Leo mnataka kunivika mimi niwe nani?"

Aliingia na sinia la vikombe nyuma ya wageni. Chumba kilijaa. Terwindt alieleza kwa Kiingereza, mkono wake ukielea juu ya joho bila kuligusa, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, ya mtu anayesali. Mzee mmoja alivua kofia. Mama mmoja alilia. Pleuntje aliwatazama, na kwa mara ya kwanza aliwaonea huruma. Walikuwa wamevuka bahari yote ile kurudi kutafuta mkono wa mtu, na mkono ulikuwa umesimama nyuma yao na sinia.

"Bwana Terwindt," alisema. Vichwa viligeuka. "Waambie hivi. Joho hili lilifumwa hapa Leiden mwaka 1924 kwa maandamano ya Oktoba. Liliungua bega la kushoto, na lilizibwa na mwanamke wa kiwandani kwa nyuzi za pembeni mwake lenyewe, siku nne. Hakuna Mhujaji aliyelivaa. Nimemaliza."

Terwindt aliwageukia wageni. Alisema maneno matatu au manne. Wageni wakatabasamu, wakamwinamia Pleuntje. Mmoja akampiga picha.

"Maneno yangu yalikuwa mengi kuliko hayo," Pleuntje alisema.

"Wanakushukuru kwa kahawa."

Alitafuta pa kuweka sinia. Meza ilikuwa ya Mahujaji, haikuguswa, akaliweka sakafuni. Magoti yalimpigia kelele. Aliponyanyuka alikuwa na mkasi mkononi, na watu walimpisha, jinsi wanavyompisha mtu anayeonekana anajua anakokwenda.

"Pleun!" Hillegonda aliita kutoka mlangoni. "Pleun, paa!"

Aliweka kidole cha kati begani. Mahali palikuwapo, pametulia, pamelala. Miaka arobaini na sita hakuna aliyepaona, na leo ili paonekane ilibidi apafumue. Hapangerudi. Nyuzi zimekwisha kuzeeka, na mkono uliozipitisha ulikuwa wa msichana mwenye yai moja tumboni. Ilimjia kwamba angeweza bado kuinama, kuokota sinia, na kubaki na kazi yake nzima. Nzima na isiyo yake.

Akakata ule mwisho uliorudishwa mara tatu.

Kisha akaanza kuchomoa. Terwindt alipiga hatua moja, akasema, "Kwa ajili ya Mungu," lakini Bi Thurlow alinyoosha mkono wake mrefu mbele yake bila kumtazama, kama mama anayemzuia mtoto barabarani. Zilisikika kengele za saa kwenye mnara wa baraza la mji, na ukwaruzi mwembamba wa uzi ukitoka ndani ya sufu. Alichomoa za kukata, halafu za kushuka, akizilaza moja moja juu ya mkono wake. Sufu ilianza kulegea, kuwa wavu, na katika wavu ule ukaonekana mwanga wa dirisha. Halafu tundu lilikuwa hapo, wazi, kubwa kama kiganja, na kingo zake bado nyeusi kwa moto wa chuma cha mwaka ule. Harufu ya kuungua haikuwepo, lakini yeye aliisikia.

Aligeuza joho, akaonyesha pengo la pembeni. Akaulaza uzi mmoja ndani ya pengo. Uliingia kama jino linaporudi mahali pake.

Bi Thurlow alisogea. Aliingiza kidole chake katika tundu mpaka kikatokea upande wa pili, akakitazama. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa. Akauliza jambo, na Terwindt, mweupe kama ule ukuta wake wa chokaa, bado alikuwa akilikodolea tundu. Akauliza tena.

"Anataka nini?" Pleuntje alisema.

"Anauliza," Terwindt alisema, "ni nani aliyeliziba."

"Sasa tafsiri. Usipunguze hata neno. Pleuntje Labrie, meza ya tatu, dirisha la kaskazini. Kama wana kalamu, waandike."

Akatafsiri. Na mzee yule aliyevua kofia akatoa kalamu.

Fedha za mapaa hazikuja. Barua ya chama ilikuwa ya heshima sana, ya ukurasa mmoja.

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya wasimamizi, watatu, nyuma ya meza ndefu ya chumba chao juu ya lango. Kitabu cha wakfu kilikuwa mezani, kinene kama tofali. Tangu mwaka 1661 wajane husimama mbele ya meza ile. Pleuntje alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakaa.

"Bi Labrie," alisema mmoja wao, mchungaji, "umewavunjia heshima wasimamizi wa wakfu mbele ya wageni."

"Nimewavunjia. Sikatai."

Walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kwa machozi.

"Basi unaelewa kwamba kwa mujibu wa ubao..."

"Naelewa. Andikeni. Lakini ubao unasema iandikwe sababu, na mimi nitie jina. Nina kalamu yangu." Aliitoa, akaiweka mezani. "Andikeni hivi: Pleuntje Labrie, mjane wa Krijn, ameondolewa kwa sababu wasimamizi waliwaonyesha watu nguo ya maandamano wakaiita ya Mahujaji, naye aliyeiziba akasema si kweli. Andikeni kwa wino mzuri. Kitabu hiki kimekaa miaka mia tatu, kitakaa mingine mia tatu. Watakaokuja watasoma jina langu, na chini yake majina yenu."

Mtunza hazina alifunua kitabu, akachovya kalamu, akaishika hewani. Tone la wino lilikua nchani, likaanguka juu ya karatasi ya kukaushia.

"Tunaweza kuandika kwa kifupi," alisema.

"Kwa kifupi sitii jina."

Nje mvua ilianza. Wote wanne waliisikia ikitembea juu ya mapaa. Terwindt alinyoosha mkono akakifunga kitabu kabla halijaandikwa neno.

Alimfuata mpaka ngazini. Alikuwa amezeeka ndani ya wiki moja.

"Nilitaka tu wawe na kitu," alisema.

"Najua."

"Ungeweza kuliziba tena?"

"Ningeweza."

"Ungependa?"

"Hapana, bwana. Sasa acha waone."

Majira ya mvua yaliendelea. Hillegonda hakumsemesha kwa wiki tatu. Bombani aligeuza mgongo, na mgongo wake ulikuwa mpana kiasi cha kujaza bustani. Usiku Pleuntje alisikia kupitia ukutani matone yakipiga sufuria, moja kubwa, moja dogo, na hakuna hoja hata moja, katika zile zote alizojipangia, iliyoweza kuyanyamazisha.

Tarehe tatu Oktoba mlango uligongwa saa sita mchana, mapema kabla maandamano hayajapita. Hillegonda alisimama na sahani iliyofunikwa kwa nyingine, nywele zimelowa.

"Viazi, karoti na vitunguu," alisema. "Nimeponda vingi. Sijakusamehe."

"Pita."

"Nyama yenyewe ya mafuta, maana wewe ni mfupa mtupu." Aliingia, akakaa, akalitazama dari kavu la Pleuntje kama mtu anayetazama mali ya watu. Kwenye rafu, ndani ya kopo la sukari lisilo na mfuniko, kulikuwa na fungu la nyuzi nyeusi. "Ndizo zile?"

"Ndizo."

"Na kitanda changu, je? Jana sufuria imejaa nikiwa nimelala. Nimeamka naogelea."

"Kilete hapa."

"Wapi?"

"Hapo. Chini ya dirisha. Kinaenea."

Hillegonda aligeuka kulitazama dirisha. "Sheria ya lango inakataza mtu kulala nyumba ya mwenzake."

"Imo katika yale manne?"

Wakayahesabu kwa vidole, Hillegonda kwa midomo bila sauti. Ngoma za maandamano zilianza kusikika ng'ambo ya mfereji, na watu wa Leiden waliovaa kama mababu zao walikuwa wakikaribia.

"Haimo," Hillegonda alisema.

"Basi shika upande wa miguuni," Pleuntje alisema, akafunga aproni. "Mimi nitashika kichwani."